Je, tumlipie kijana mtihani wa uchambuzi wa uwekezaji?

Kijana amehitimu shahada ya biashara miaka miwili iliyopita. Anafanya kazi katika ofisi ya hesabu ya kampuni ya usafirishaji, na mshahara wake humalizika kabla ya mwezi. Jioni moja, baada ya swala ya Isha, anawaeleza wazazi wake kwamba ipo mitihani mitatu ambayo akiifaulu ataweza kutambuliwa kuwa mchambuzi wa uwekezaji, si Dar es Salaam peke yake, bali Nairobi, Dubai na London pia. Baba anauliza, "Na kazi yenyewe, mwanangu, ni ya halali?" Mama hasemi neno. Anajua kuwa fedha pekee iliyomo nyumbani inayoweza kulipa ada hizo ni ile anayoiweka kidogo kidogo kwa nia ya Hija.

Nyumba hii tumeitoa kuwa mfano, lakini maswali yake ni ya kweli, na yamo katika familia nyingi zenye vijana waliosoma biashara, uchumi au hesabu. Wiki hii tumeona vema kuyajibu mawili: cheti hiki kinamfaa nani, na Mwislamu akitumie vipi bila kuiuza dini yake.

Kazi ya mchambuzi ni ipi?

Mhasibu huandika yaliyotokea. Mkaguzi huthibitisha kwamba yaliyoandikwa ni sahihi. Mchambuzi wa uwekezaji huyasoma hayo yote, kisha hujibu swali la mwenye mali: nikiitia fedha yangu hapa, natarajia kupata nini, na naweza kupoteza nini? Ili alijibu, huisoma mizania ya kampuni, taarifa ya faida na hasara, na taarifa ya mtiririko wa fedha. Huuliza kwa nini faida imepanda ilhali fedha taslimu imepungua. Hulinganisha bei ya hisa na uwezo wa kampuni wa kuzalisha.

Wanaohitaji kazi hiyo ni mifuko ya pensheni, kampuni za bima, mabenki, mawakala wa soko la hisa, na mifuko ya uwekezaji wa pamoja, mfano wa ile inayoendeshwa na UTT AMIS, ambayo wa kwanza wake, Mfuko wa Umoja, ulianza mwaka 2005. Fedha zinazowekezwa huko ni za watu wengine: mwalimu aliyestaafu, mjane, mkulima aliyeuza mazao yake. Kwa hiyo kazi hii, kabla ya kuwa kazi ya hesabu, ni kazi ya amana.

Mitihani mitatu

Cheti kinachojulikana zaidi katika fani hii ni kile cha CFA. Asili yake ni Marekani. Mwaka 1945 Benjamin Graham, mwekezaji na mwalimu mashuhuri wa fani hiyo, aliandika kuuliza kama wachambuzi nao hawapaswi kuwa na daraja la kitaaluma linalothibitishwa kwa mtihani. Mtihani wa kwanza ulifanyika mwaka 1963, na waliokaa kuufanya walikuwa 284. Leo unasimamiwa na CFA Institute, yenye makao yake Charlottesville, katika jimbo la Virginia, na watahiniwa wake wako katika kila bara.

Mitihani ni ya ngazi tatu, na hufanywa kwa kompyuta na kwa lugha ya Kiingereza. Ngazi ya kwanza ina maswali 180 ya kuchagua jibu, yanayofanywa kwa saa nne na nusu katika vipindi viwili. Masomo yake ni pamoja na maadili ya kazi, takwimu, uchumi, uchambuzi wa taarifa za fedha, hisa, hatifungani na upangaji wa vitega uchumi. Somo la maadili linarudi katika ngazi zote tatu.

Taasisi yenyewe huwaambia watahiniwa wajiandae kwa saa 300 au zaidi kwa kila ngazi. Tulipige hesabu jambo hili kwa kipimo cha nyumbani. Anayesoma saa 10 kwa wiki, yaani saa moja na nusu hivi kila siku baada ya swala ya Alfajiri, atahitaji wiki 30 kwa ngazi moja. Hata hivyo wengi hawafaulu kwa mara ya kwanza. Katika ngazi ya kwanza, kwa miaka ya karibuni, wanaofaulu hawafiki nusu ya wanaojaribu.

Kufaulu mitihani yote mitatu nako hakutoshi. Mtahiniwa lazima awe na saa 4,000 za kazi inayohusiana na maamuzi ya uwekezaji, zilizofanywa kwa muda usiopungua miezi 36, pamoja na barua za watu wanaomjua kikazi. Hapo ndipo kijana wetu anapopaswa kusimama na kufikiri. Miaka yake miwili ya kuingiza stakabadhi za mafuta na matairi huenda isihesabiwe. Itambidi, mapema kuliko anavyodhani, atafute nafasi katika ofisi inayofanya kazi ya uwekezaji, hata kama mshahara wa kuanzia si mkubwa.

Mlango mwembamba

Thamani ya cheti hiki tusiikuze wala tusiipunguze. Kwa mwenye nacho, kina faida tatu zilizo wazi. Kwanza, mwajiri asiyemjua anajua amepimwa kwa kipimo kilekile anachopimwa mwenzake wa London au Riyadh. Pili, kinamtoa katika kundi la wahitimu wengi wenye shahada zinazofanana. Tatu, kinamfundisha kufikiri: hata asipoajiriwa na mfuko wowote, hatadanganywa kirahisi na anayemwahidi kuizidisha fedha yake maradufu kwa miezi mitatu.

Lakini mlango wenyewe ni mwembamba. Kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza kufanya biashara mwaka 1998, hazifiki 40. Hata Nairobi, penye soko la tangu mwaka 1954, kampuni hizo ni kiasi cha 60 tu. Ofisi zinazoajiri wachambuzi ni chache, na nafasi katika kila ofisi huhesabika. Mhasibu anatafutwa na hospitali, shule, kiwanda na halmashauri. Mchambuzi anatafutwa na wachache wanaosimamia fedha nyingi. Kijana asiye na hakika kwamba anaipenda kazi ya kusoma hesabu za kampuni kutwa nzima, heri aanze na uhasibu, ambao nchini Tanzania mitihani yake iko chini ya NBAA.

Zipo pia njia zilizo karibu na nyumbani. Nchini Kenya, bodi ya mitihani ya KASNEB hutahini cheti cha CIFA cha wachambuzi wa uwekezaji na fedha, na fani hiyo ina sheria yake iliyotungwa mwaka 2015. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, yaani CMSA, imekuwa ikiendesha mafunzo ya watendaji wa masoko hayo kwa ushirikiano na taasisi ya CISI ya London. Atakaye kufanya kazi ya uwakala au ushauri wa uwekezaji hapa nchini aanze kwa kuuliza leseni yake inadai mafunzo gani, kabla ya kuangalia cheti cha mbali.

Swali la baba

Sasa turejee kwa swali la baba. Mtaala wa mitihani hii haukutungwa kwa misingi ya fiqhi. Una sura nzima za hatifungani za riba na mikataba ambayo wanazuoni wengi wameikataa. Na sote tunaijua hadithi aliyoisimulia Jabir, iliyomo katika Sahihi Muslim, ambamo mwandishi wa riba na mashahidi wake wamejumuishwa pamoja na mlaji wake na mlipaji wake.

Tunavyoona sisi, ni lazima kutofautisha mambo mawili: kujua na kutenda. Kujua namna riba inavyofanya kazi ni sehemu ya kujua namna ya kuiepuka. Kukaa ofisini na kuipangia fedha ya riba ni jambo lingine, na hilo kijana amuulize mwanachuoni anayemwamini kabla ya kutia saini mkataba wa kazi.

Zaidi ya hayo, jamii yetu inamhitaji mtu huyu kuliko inavyodhani. Chukua mfano wa kampuni yenye hisa milioni 200, kila moja ikiuzwa shilingi 300. Thamani yake sokoni ni shilingi bilioni 60. Ina madeni ya riba ya shilingi bilioni 15. Mapato yake ya mwaka ni shilingi bilioni 20, na kati ya hayo milioni 400 zimetokana na riba ya amana za benki. Je, Mwislamu anunue hisa zake?

AAOIFI, taasisi ya viwango vya fedha za Kiislamu iliyosajiliwa Bahrain mwaka 1991, imeweka vipimo. Shughuli kuu ya kampuni iwe halali. Madeni ya riba yasizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, na amana zake za riba vilevile. Mapato yasiyo halali yasizidi asilimia 5 ya mapato yote. Katika mfano wetu madeni ni asilimia 25, na mapato machafu ni asilimia 2. Amana zake nazo zikiwa ndani ya kipimo, kampuni imepita. Lakini mwenye hisa anapaswa kuisafisha mali yake: milioni 400 zikigawanywa kwa hisa milioni 200 ni shilingi 2 kwa hisa, hivyo mwenye hisa 1,000 atatoa shilingi 2,000 na wala asizihesabu kuwa sadaka yake.

Sasa bei ya hisa ishuke hadi shilingi 200. Deni ni lilelile, lakini thamani ya kampuni imekuwa bilioni 40, na deni hilo sasa ni asilimia 37.5. Hisa iliyopita jana leo haipiti, na kampuni haikukopa hata senti moja zaidi. Wapo wanazuoni wasiokubali kabisa hisa za kampuni yenye mchanganyiko wa aina hii. Lakini ama mtu akifuata rai hii au ile, lazima awepo wa kuisoma mizania na kusema ukweli wa yaliyomo.

Benki zinazofuata Sharia zimekuwapo Kenya tangu mwaka 2008, Amana Bank ilianza Tanzania mwaka 2011, na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imeingia katika sukuk mwaka 2025. Wanazuoni tunao. Wahasibu tunao. Anayeweza kukaa baina yao na kutafsiri lugha ya huyu kwa yule ndiye adimu. Kwa kijana anayetaka kusimama hapo, AAOIFI ina vyeti vyake pia, kikiwemo cha mshauri na mkaguzi wa Sharia, na kuviunganisha na elimu ya uchambuzi ni jambo la busara.

Kabla ya kulipa

Ada ya kila mtihani wa CFA ni takriban dola 1,000 au zaidi, na anayechelewa kujisajili hulipa zaidi ya aliyewahi. Anayerudia mtihani hulipa upya. Basi tunawashauri wazazi na vijana haya.

Msikope kwa riba ili kulipia elimu ya fedha. Ombeni kwanza ufadhili: CFA Institute ina ufadhili wa wasio na uwezo na ufadhili wa wanawake, unaopunguza ada kwa kiasi kikubwa, na maombi hufanywa mapema kabla ya kujisajili. Binti zetu wasiambiwe kwamba kazi hii ni ya kaka zao. Hakikisheni pasipoti ipo, kwani bila hiyo mtahiniwa hakubaliwi katika chumba cha mtihani. Mwanafunzi wa chuo anaweza kuanza ngazi ya kwanza akiwa amebakiza miezi 23 au pungufu kuhitimu, na huo ni wakati mzuri, kabla majukumu ya ndoa na watoto hayajaanza. Mwisho, lipeni ngazi moja kwa wakati mmoja. Ngazi ya kwanza itamwonyesha kijana kama ana subira ya kufika ya tatu.

Na akiba ya mama? Ushauri wetu ni kwamba isiguswe. Kijana ana mshahara, ingawa mdogo, na ana asubuhi za kutosha. Aombe ufadhili, aweke akiba kwa mwaka mmoja, aazime vitabu na aanze kusoma kabla ya kulipa. Akizimaliza wiki 30 za Alfajiri bila kuchoka, atakuwa amewajibu wazazi wake kwa vitendo. Na asiyeweza kuilinda akiba ya Hija ya mama yake, mali za wajane na mayatima atazilinda vipi?

Wabillahi tawfiq.