Marekani: Kuishi ndani ya nyumba ya magurudumu, ufundi unaanza na paa

Nchini Marekani kuna watu ambao nyumba yao ina magurudumu. Wengine wananunua karavani inayovutwa na motokari. Wengine wanachukua basi la zamani ao kamioneti na kuigeuza wao wenyewe kuwa chumba, jiko na choo. Kuna wastaafu wanaofuata jua, kuna wafanyakazi wa msimu, kuna pia watu walioshindwa kulipa nyumba ya kupanga.

Maisha hayo yalijulikana duniani kupitia filamu Nomadland ya Chloé Zhao, iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Ndani yake, gari la Fern, mhusika mkuu, linaharibika vibaya. Anashauriwa aliache kuliko kulitengeneza. Mama huyo anakataa: humo ndimo anamoishi.

Ndiyo sababu kwao ufundi si mchezo. Gari likilala garaje siku 5, mwenyewe hana mahali pa kulala kwa siku 5. Basi wengi wanajifunza kutengeneza kwa mikono yao, na wenye uzoefu wanafuata mpangilio mmoja: kwanza kile kinachoweza kubomoa nyumba ao kuua mtu, kisha starehe.

Adui wa kwanza ni maji

Mkaaji wa Goma anajua tetemeko linafanya nini kwa ukuta. Nyumba ya magurudumu inatikisika kila inaposafiri. Skrubu zinalegea, na gundi inayoziba viungo vya paa, madirisha na matundu ya hewa inapasuka. Jua kali la Arizona, ambako maelfu wanapitisha majira ya baridi karibu na mji mdogo wa Quartzsite, linaikausha zaidi.

Ufa mwembamba kama uzi unatosha. Karavani nyingi zina mbao ndani ya kuta na paa. Maji yakiingia, mbao zinaoza kimya kimya, na siku doa linapoonekana darini, kazi imekwisha kuwa kubwa. Kwa hiyo watu wanapanda juu ya paa angalau mara 2 kwa mwaka: wanaosha, wanakwangua gundi iliyokufa, wanapaka mpya. Gundi hiyo lazima ilingane na aina ya paa, kwa maana dawa zenye mafuta ya petroli zinaharibu paa la mpira. Gundi inagharimu dola chache. Kujenga upya ukuta uliooza kunaweza kupita bei ya karavani ya zamani.

Umeme: hesabu kabla ya kununua

Kinachoongezwa mara nyingi ni plaki za jua na batri, mambo ambayo wakaaji wa Bukavu ao Butembo wanayajua vizuri. Batri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 inabeba karibu wati-saa 1.200. Ikiwa ni ya risasi, haifai kushushwa chini ya nusu, la sivyo inakufa mapema. Basi za kutumia ni 600 tu. Ya litiamu inatoa karibu zote, na ni nyepesi zaidi, lakini haipaswi kuchajiwa wakati yenyewe iko chini ya digrii 0.

Hatari kubwa iko kwenye nyaya. Kifaa cha wati 1.200 kinavuta ampea karibu 5,5 kwenye umeme wa volti 220. Kwenye batri ya volti 12 kinavuta ampea 100. Waya mwembamba unaweza kuwaka moto. Waya mnene, na fyuzi iliyo karibu kabisa na batri, vinanunuliwa kabla ya plaki ya pili.

Sumu isiyoonekana

Kwetu, mbabula ya makala iliyoachwa ndani ya chumba kilichofungwa imekwisha kuua watu usingizini. Sumu yake, monoksidi ya kaboni, haina harufu wala rangi. Ndani ya nyumba ya magurudumu inaweza kutoka kwenye jiko la gesi, hita ao jenereta, na kwa kuwa chumba ni kidogo, inajaa haraka. Kengele ya kuigundua inawekwa karibu na kitanda, na inabadilishwa tarehe yake ikipita, hata kama bado inalia ikijaribiwa.

Gesi ya propani nayo ni nzito kuliko hewa: ikivuja inashuka, ndiyo maana kengele yake inawekwa karibu na sakafu. Ili kupata mahali inapovujia, wanapaka maji ya sabuni kwenye viungo. Mapovu yanaonyesha tundu. Kiberiti, kamwe.

Tairi na uzito

Kila kinachoongezwa kina kilo zake. Maji lita 150 peke yake ni kilo 150, na tairi ndizo zinabeba yote. Tairi za karavani mara nyingi zinazeeka kabla ya kulika, sababu zinasimama miezi mingi juani. Umri unasomwa kwenye namba 4 za mwisho za maandishi yanayoanza na DOT: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Namba hizo ziko pia kwenye tairi nyingi zilizotumiwa zinazouzwa kwetu. Mnunuzi azisome kabla ya kuuliza bei.

Baada ya hayo yote ndipo wanagusa rangi, makabati na televisheni. Paa likivuja, hivyo vyote vitaoza pamoja nalo.