Milima ya Rwenzori Haipandwi kwa Ubavu

Kwa askari wengi wa Uganda, jina la Rwenzori hukumbusha doria, mvua na maficho ya waasi. Mwaka 1997 Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori ilifungwa kwa wageni kwa sababu ya vita vya waasi wa ADF, na mwaka 1999 UNESCO ikaiweka katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Ilifunguliwa tena mwaka 2001, na mwaka 2004 ikaondolewa katika orodha hiyo. Mahali palipokuwa uwanja wa mapigano pamerudi kuwa mahali pa kupiga kambi na kupanda mlima. Hapana shaka kwamba walinzi wa amani nao wanayo haki ya kuonja matunda yake wanapokuwa likizo.

Lakini yafaa tuelezane jambo moja mapema. Askari aliyezoea kukimbia asubuhi na kubeba shanta nzito huenda akadhani kwamba mlima huu ni zoezi jepesi kwake. Dhana hiyo ni ya hatari. Katika kimo kikubwa, nguvu za mwili si kinga.

Hifadhi hii iliundwa mwaka 1991 na ina eneo la karibu kilomita za mraba 1,000. Kilele chake kirefu, Margherita, kina mita 5,109, nacho ni cha tatu kwa urefu barani Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Kimesimama juu ya mpaka. Upande wa magharibi ni Kongo na Hifadhi ya Virunga. Watu wa kwanza kuandikwa kuwa wamefika kileleni ni msafara wa Mwitaliano, Duki wa Abruzzi, mwaka 1906. Wenyeji wa miteremko hii ni Wakonzo, na hata leo wengi wa viongozi wa njia na wapagazi hutoka kwao.

Njia mashuhuri huanzia Nyakalengija, penye kimo cha takriban mita 1,600, na huzunguka milimani kwa muda wa siku saba hivi. Siku ya kwanza mgeni hupita msituni na kulala Nyabitaba, karibu mita 2,650. Siku ya pili hulala kwenye banda la John Matte, karibu mita 3,500. Siku ya tatu Bujuku, karibu mita 4,000. Na siku ya nne Elena, zaidi ya mita 4,500, tayari kwa kupanda kileleni alfajiri.

Sasa tuzitazame hesabu hizo. Waganga wa mlimani hushauri kwamba mtu akishapita mita 3,000, asipandishe mahali pake pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kwamba baada ya siku tatu au nne apumzike siku nzima. Kutoka Nyabitaba hadi John Matte ni ongezeko la mita 850. Kutoka Bujuku hadi Elena ni zaidi ya mita 500. Basi mwenye busara huongeza siku moja ya kupumzika njiani, hasa Bujuku, wala haoni kwamba siku hiyo imepotea.

Sababu yake ni hii. Kadiri mtu anavyopanda, hewa huzidi kuwa nyepesi. Karibu na kilele, kila pumzi humpa mwanadamu kidogo zaidi ya nusu ya oksijeni ambayo angeipata pwani. Mwili unaweza kuzoea hali hiyo, lakini huhitaji siku kadhaa, na hauharakishwi kwa mazoezi wala kwa amri. Kijana hodari huumia mara nyingi kwa sababu miguu yake humfikisha juu kabla damu na mapafu yake havijawa tayari.

Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na kukosa usingizi. Mwenye dalili hizo asipande zaidi; apumzike hapo alipo mpaka zipone. Zisipopona, ateremke. Dalili za hatari ni nyingine: mtu kupepesuka kama mlevi, kuchanganyikiwa, kuhema hali ameketi, au kukohoa makohozi yenye povu. Hapo maji yameingia katika ubongo au mapafu. Dawa ya kwanza ni kumteremsha mara moja, hata ikiwa ni usiku, naye asiachwe ateremke peke yake. Kungoja kupambazuke kumewaua watu katika milima mingi duniani.

Kwa hiyo, adui mkubwa zaidi katika kundi la askari ni aibu. Mwanajeshi hapendi kukiri mbele ya wenzake kwamba kichwa kinamuuma. Inampasa mkubwa wa kundi amwulize kila mmoja, jioni na asubuhi, na amsikilize kiongozi wa njia anaposema turudi, hata kama kiongozi huyo ni raia asiye na cheo.

Adui wa pili ni unyevu. Rwenzori hunyeshewa karibu mwaka mzima. Miezi yenye nafuu ni Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti. Njia hupita katika mabwawa ya matope, hivyo viatu virefu vya mpira ni lazima. Kila mtu awe na nguo kavu, zilizofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, ambazo hazivaliwi ila wakati wa kulala. Mtu aliyelowa huweza kuuawa na baridi hapa karibu na ikweta.

Mwisho, mlima wenyewe unadhoofika. Barafu iliyofunika karibu kilomita za mraba 6.5 mwaka 1906 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba mwaka 2003, na imeendelea kuyeyuka kwa kadiri dunia inavyozidi kupata joto. Mgeni asiongeze madhara: asikate miti, asiwashe moto ovyo, na arudi na taka zake.

Ndugu wasikilizaji, katika vita kurudi nyuma kwa mpango si kushindwa. Ndivyo ilivyo mlimani. Kilele kitakuwapo mwakani. Anayetakiwa kurudi nyumbani salama ni wewe. Mwenda pole hajikwai.