Safari ya Namuli: Kabla ya kupanda mlima, ishinde kwanza barabara

SHABIKI wa soka wa Mtwara anaijua safari ndefu. Tangu Ndanda FC ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15 hadi iliposhuka mwaka 2020, Wanakuchele waliifuata timu yao mpaka Mwanza, Bukoba na Shinyanga, yaani kuikata nchi nzima kutoka kona moja hadi nyingine, halafu wakati mwingine unarudi na sare ya bila kufungana. Lakini ipo safari nyingine ambayo haina basi la mashabiki, haina jezi wala ratiba ya TFF, na kwa watu wengi wa mkoa huu ina maana kubwa kuliko pointi tatu.

Ni safari ya kwenda Mlima Namuli.

Namuli uko ng'ambo ya Ruvuma, mbali kusini, katika Jimbo la Zambézia nchini Msumbiji, jirani na mji wa Gurué. Una urefu wa mita 2,419 kutoka usawa wa bahari. Kwa Msumbiji ni mlima wa pili, umezidiwa na Binga tu wenye mita 2,436. Ukiuweka pembeni ya Kilimanjaro unaonekana mtoto, hilo halina ubishi. Ila Namuli haupimwi kwa mita peke yake.

Ukikaa na wazee wa Kimakua wa Masasi au Nanyumbu na mazungumzo yakafika kwenye asili yao, jina la Namuli halichelewi kutajwa. Simulizi za Wamakua na ndugu zao Walomwe zinasema binadamu wa kwanza alitokea kwenye mlima huo, akateremka, ndipo watu wakatawanyika mabondeni. Nyingine zinaongeza kwamba nyayo za watu na wanyama wa mwanzo zimebaki kwenye jiwe, na kwamba mtu akifa roho yake inarudi Namuli. Wamakua walivuka Ruvuma kuja upande huu vizazi vingi nyuma, mlima wakauacha kule, jina wakaja nalo.

Sasa jiulize, ni vijana wangapi wa Mtwara waliowahi kuuona kwa macho, achilia mbali kuupanda?

WALIOFIKA NA KAMBA

Waliouingiza Namuli kwenye ramani ya wapandaji wa kisasa walitoka mbali kabisa. Mmarekani Majka Burhardt, mpandaji wa miamba na mwandishi, alifika kuuangalia mwaka 2011 akiwa na mwenzake Sarah Garlick. Mwaka 2014 akarudi na kikosi kamili. Safari hiyo alipanda na Kate Rutherford, naye Mmarekani, na pamoja nao walikuwamo wanasayansi wa wadudu na wa wanyama watambaao, akiwemo Harith Farooq wa Msumbiji.

Kazi yao haikuwa kutembea tu mpaka kileleni. Njia ya kawaida ipo, inapandwa na wenyeji, ingawa nayo ni mteremko mkali wa jiwe ambapo sehemu nyingine unashika mashina ya nyasi kama mtu anayepanda mnazi bila kitanzi. Burhardt na Rutherford waliutaka ukuta wenyewe: uso wa granaiti wenye kimo cha karibu mita 600, uliosimama wima juu ya msitu.

Kwa asiyeujua mchezo huu, kazi inaendeshwa na watu wawili. Wa mbele anapanda huku kamba imefungwa kwenye mkanda wa kiunoni, na kila baada ya hatua kadhaa anapachika kifaa cha chuma ndani ya ufa wa mwamba, kisha anapitisha kamba hapo. Wa chini anaishika kamba ile na kumlegezea kidogo kidogo. Wa mbele akiteleza, anaanguka mpaka chini kidogo ya chuma cha mwisho alichopachika, halafu mwenzake anamdaka kwa kamba. Kwa hiyo usalama wote uko kwenye ufa. Ufa ukiwa safi, chuma kinauma vizuri. Ukiwa umejaa udongo na nyasi, kama ilivyo kwenye majabali mengi ya ukanda huu wa mvua nyingi, inabidi uuchimbe kwanza kwa mkono huku unaning'inia. Kipa anayecheza kwenye dimbwi la maji kidogo anaweza kuelewa hali hiyo.

Wanasayansi walifuata kilichokuwa kwenye nyufa hizo na kwenye misitu ya juu: sisimizi, vyura, mijusi. Kujitenga kwa mlima kunafanya viumbe vyake wasichanganyike na wengine. Mwaka 1932 mtaalamu wa ndege Jack Vincent alikusanya ndege huko, mmoja wao akiwa yule mdogo ambaye hadi leo anaitwa kwa jina la Namuli.

Na kabla ya kugusa jiwe, kuna ruhusa. Namuli una wenyewe. Mgeni anapelekwa kwa wakuu wa jadi, na unga wa mtama unamwagwa kuwaomba mizimu. Ukikurupuka na kamba zako ukaanza kupanda, hata ungekuwa bingwa wa dunia, umekosea adabu. Msomaji wa Masasi hahitaji kuelezwa jambo hili mara mbili.

BARABARA NAYO NI MECHI

Tukirudi Mtwara. Kwenye ramani, njia ya mkato ingekuwa kushuka Kilambo, kuvuka Ruvuma kwa kivuko karibu na mdomo wake, kutokea Palma na kushika pwani kwenda kusini. Hiyo isahau. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado imekuwa na mashambulizi ya wapiganaji wenye silaha. Oktoba 2020 walivuka wakashambulia kijiji cha Kitaya upande wetu, na Machi 2021 Palma yenyewe ikavamiwa. Hakuna mlima wa kupandia kwa gharama hiyo.

Njia ya pili ni Masasi, Mangaka, Mtambaswala, kisha Daraja la Umoja. Daraja hilo la mita 720 lilifunguliwa Mei 2010 na kuunganisha Tanzania na Negomano. Ni eneo lenye historia yake: Novemba 25, 1917, jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck lilivuka mto hapo na kuwapiga Wareno, huku mizigo ikiwa vichwani mwa wapagazi wa Kiafrika ambao majina yao hayatajwi popote. Tatizo la njia hii ni kwamba ukishavuka, barabara inakupeleka Mueda, na Mueda iko Cabo Delgado hiyo hiyo.

Inabaki njia ya kuzunguka, na ndiyo ya maana: Masasi, Tunduru, Namtumbo, Songea, yote lami. Toka Songea unakamata Mkenda, unavuka Ruvuma ikiwa bado mto mdogo, unaingia Jimbo la Niassa. Lichinga, Mandimba, Cuamba, halafu Gurué. Mtu aliyeuzoea Ruvuma wa Msimbati, mpana, wenye mikoko na maji ya chumvi, atashangaa kuukuta huku juu ukiwa hivyo.

Gari la kwenda nalo ni Land Cruiser mkonga au ndugu yake. Tairi za akiba mbili, siyo moja. Madumu ya mafuta, jeki ndefu, koleo, panga, kamba ya kuvutia na mbao mbili za kuweka chini ya tairi likizama. Njiani zipo sehemu zenye vumbi, makorongo na udongo ambao ukilowa unakuwa sabuni. Gurué kwenyewe ni mji wa mashamba ya chai, baridi kidogo, unaweza kudhani uko Mufindi. Kutoka hapo kwenda vijiji vya chini ya mlima njia inazidi kuwa mbaya, na wengi wanaliacha gari wanatembea.

Katika mwendo huo ndipo mgeni anapoona kingine. Misitu ya juu inakatwa kupisha mashamba ya viazi mviringo, kwa sababu viazi vinalipa na mkulima ana watoto wa kulisha. Burhardt aliliona hilo, na mradi wake wa kupanda ukageuka kuwa taasisi iitwayo Legado, inayofanya kazi na jamii za Namuli.

MASASI WANA MAWE YAO

Cha kushangaza ni kwamba Mtwara yenyewe haina njaa ya majabali. Masasi umezungukwa nayo. Chini ya mlima Mtandi ndipo Askofu Edward Steere alipowaleta watumwa walioachiwa huru kutoka Zanzibar mwaka 1876, na Mkomaindo imeipa jina hospitali ya wilaya. Ni mawe ya kukwaruza vidole, na unayafikia kwa bodaboda. Mtanzania Wilfred Moshi alisimama kileleni Everest mwaka 2012, lakini yeye ni zao la Kilimanjaro, ambako ubebaji mizigo na uongozaji watalii ni ajira. Huku Kusini kijana anauchukulia mlima kama kitu cha kuelekezea njia tu.

Na kwa anayetaka kweli kwenda Namuli, kuna kikwazo cha kalenda. Barabara zinapitika vizuri Juni hadi Septemba, jiwe likiwa kavu. Miezi hiyo mfukoni mwa mkulima wa korosho hamna kitu, ni kipindi cha salfa na madeni. Minada inaanza Oktoba, pesa inaingia Novemba na Desemba, na hapo ndipo mvua inapoanza kunyesha Gurué.