Wamesanya Fone, Wasisanye Jina

Huku Garissa, Wajir, Mandera na Dadaab, fone kusanywa si stori mpya. Umeshuka basi ya kutoka Eastleigh usiku, ama umesongwa Suuq Mugdi, ama tuktuk imekuangusha Bulla Iftin. Kugusa mfuko, hewa. Kila mtu anakuja na pole na swali moja: "Ilikuwa ya ngapi?" Zii, hilo swali halisaidii. Tecno utanunua ingine ukiomoka. Jiulize hivi: huyo jamaa saa hii anaweza kuongea na nani akijifanya ni wewe?

Cheki vile sisi huishi. Msee wa huku ako kwa grupu ya ukoo, grupu ya hagbad, grupu ya qaaraan ya mgonjwa mwenye anapelekwa Nairobi, na grupu ya wasee walimaliza form four pamoja. Meseji moja ikiingia, "Warya, nisaidie na ngiri mbili, narudisha jioni," watu wanatuma bila maswali, juu kuuliza ni kama kumwambia mtu wa damu yako ni mwongo. Hiyo imani ndiyo benki yetu, na mwizi mjanja ameona haina askari mlangoni.

Laini kwanza, machozi baadaye

Wacha kukimbizana na chali wa nduthi. Omba fone ya mtu mwenye ako karibu, piga 100 ukitumia laini ya Safaricom, sema wafunge laini yako na M-Pesa. Ka uko Airtel, nao pia ni 100 kwa laini yao.

Haraka ya nini na fone ina paswodi? Juu mwizi hata hahitaji kuifungua. Anachomoa sim kadi, anaiweka kwa kabambe, na kila OTP ya WhatsApp na ya benki inamtulia mkononi. Dakika kumi baadaye wewe ndiye unaomba ukoo mzima doo na hujui.

Dawa ya hiyo inawekwa kabla ya ngori. Kwa setting, ipe sim kadi yenyewe pini. Ikihamishwa kwa fone ingine itaitisha hiyo pini, na mtu akikosea mara tatu inajifunga mpaka apate PUK. WhatsApp nayo iwekee pini yake ya tarakimu sita, ndio OTP peke yake isitoshe. Halafu piga *100*100# ka uko Safaricom, ndio mtu asiende kwa ajenti wa mtaani kubadilisha laini yako. Hapo lazima wewe mwenyewe ufike kwa duka lao.

Ukishafunga laini, chukua fone ya brathe yako, ingia kwa grupu na voisi, Kisomali safi, sema fone imeenda na mtu asitume kitu. Andika pia, lakini voisi inafika kwa wazee wenye hawasomi meseji. Na juu siku hizi kompyuta inaiga sauti, familia iwe na swali lake la siri. Ngamia wa ayeeyo anaitwa nani? Conman wa Kamiti hawezi jua hiyo.

Laini yako, ID ya abti

Hapa North Eastern kuna shida yenye wasee wa Nairobi hawaielewi. Mayut wengi walikaa miaka bila ID, wengine juu alama za vidole ziliingia kwa rekodi za wakimbizi zamani za njaa, wengine juu ya vetting. So laini ilisajiliwa kwa ID ya abti ama ya habaryar. Ikiibiwa, kuirudisha kunataka mwenye ID, na abti ako Balambala na ngamia, mtandao unashika akipanda kilima. Hapo mwizi ana wiki nzima ya kujienjoy.

Februari 2025, Rais Ruto akiwa Wajir aliondoa ile vetting ya ziada ya watu wa kaunti za mpakani. Ka hujaenda kuitisha ID yako, enda. Ukiipata, hamisha laini iwe kwa jina lako. Halafu piga *106# uone ni laini gani zimesajiliwa na ID yako. Ukipata namba huijui, ripoti.

"Lipa ama tuweke picha"

Siku mbili tatu zikipita, meseji zinaanza. Ya kwanza huwa tamu: "Fone yako imepatikana Madogo, tuma ngiri moja ya fare." Usitume. Ya pili inajifanya imetoka Apple ama Google, ina linki, inataka paswodi. Usiguse. Ya tatu ndiyo ya kutisha: toa fone kwa akaunti yako, la sivyo tutamwaga kila kitu.

Jua mbona wanakusumbua. Fone ikiwa imefungwa na akaunti yako, wanaweza kuiuza tu vipande vipande. Na soko liko: mwaka 2025 gazeti la Financial Times lilifuata iPhone zilizoibiwa Ulaya na Marekani hadi jengo moja la Shenzhen, China. Ukiitoa fone yako kwa akaunti, wewe ndiye umewapandishia bei. Iache hapo. Ingia kwa akaunti ukitumia fone ingine, ifunge, ukiweza futa kila kitu kilichomo. Mara nyingi mwenye anakutisha hata hajaona picha moja.

Lakini huku kitisho cha picha kinauma. Sisi tuna picha za harusi, madada bila hijabu, vitu vya ndani ya nyumba. Aibu ndiyo wanauza, na inauzika ukinyamaza. Ambia mtu mzima mwenye unamwamini mapema, habaryar ama brathe mkubwa. Piga picha ya hizo meseji, weka namba, usilipe. Mwenye amelipa mara moja hurudiwa.

Sheria pia iko. Ile ya makosa ya kompyuta ya 2018 inasema mwenye anasambaza picha za faragha za mtu anaweza kulimwa faini hadi 200,000 ama jela hadi miaka 2, ama zote. Enda kwa karao, pata OB na abstract, beba namba ya IMEI. Hii unaipata leo ukipiga *#06#, so iandike mahali. Meseji za conman tuma 333, ni bure. Na ka kuna kampuni ya mikopo inasumbua watu wako juu ya loan yenye hukuchukua, peleka kwa ofisi ya Kamishna wa Data. Septemba 2023 walilima Mulla Pride faini ya 2,975,000 juu ya meseji za vitisho kwa namba za watu.

Leo usiku, kabla ya kuscroll TikTok, weka hizo pini. Ukimaliza yako, omba ayeeyo kabambe yake. Pini yake ya M-Pesa imeandikwa kwa karatasi chini ya betri, na nusu ya bulla inaijua. Anza na hiyo.