Nilienda kuona ndege, nikamjua mume wangu

Wacha nikuulize kitu. Una ndugu au rafiki aliyeenda majuu akajiunga na jeshi, na sasa mtaani wanasema amejifanya Mzungu, amesahau kwao? Basi kaa hapa dakika tatu. Hii inakuhusu.

Mume wangu ni mtoto wa Nakuru. Alihudumu miaka mitano katika jeshi la wanamaji la Marekani, kwenye manowari ya kubeba ndege. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili nikaanza kublogi, kwa hivyo kazi yangu ni kuuliza watu maswali. Lakini kwake nilikuwa nagonga mwamba. "Ilikuwa kazi tu." Hilo ndilo jibu nililozoea.

Juzi tulitembelea USS Midway, pale San Diego. Ilianza kazi 1945, ikastaafu 1992, na tangu 2004 ni makumbusho. Si meli aliyofanyia kazi yeye, lakini alipoingia tu alijua njia. Ina urefu wa mita 305 hivi. Piga picha ya viwanja karibu vitatu vya kandanda vikiwa kwa laini moja, vikielea majini. Watu wapatao 4,500 waliishi humo.

Tulipofika sitaha ya juu, ulimi wake ulifunguka. Akanionyesha mtambo wa mvuke uliokuwa ukirusha ndege kama jiwe la manati, na nyaya za chuma za kunasa ndoano ya ndege inapotua. Akaniambia kila kazi ina rangi ya fulana: njano huelekeza ndege, nyekundu hushughulikia silaha, zambarau hujaza mafuta. Yeye alikuwa zambarau. Miaka mitatu ya ndoa, na hata hilo sikulijua.

Hapo juu utasikia pia kisa cha Aprili 1975, Saigon ilipokuwa inaanguka. Rubani wa Vietnam Kusini, Meja Buang-Ly, alizunguka juu ya Midway kwa kindege kidogo, ndani kuna mkewe na watoto watano. Alidondosha kijikaratasi akiomba asafishiwe nafasi ya kutua. Kapteni Lawrence Chambers, Mwamerika mweusi, akaamuru helikopta zisukumwe baharini. Kindege kikatua, familia nzima ikapona.

"Huyo alifika na watu wake," mume wangu akasema, kisha akanyamaza.

Tukashuka wanakolala mabaharia. Kama ulisoma bodingi, unadhani unajua kubanana? Hapa vitanda ni vitatu, kimoja juu ya kingine, na ukikaa wima unagonga kichwa. Akashika kile cha katikati.

"Changu kilikuwa kama hiki. Hapa ndipo nilisoma kwamba mama ameshazikwa."

Meli ikiwa kwenye kazi nyeti, intaneti ya mabaharia hufungwa. Iliporudi, alikuta jumbe za siku nyingi kwa mpigo: mama mgonjwa, mama ameaga, mbona hujibu, tumemzika. Alizisoma amelala hapo, wenzake wakikoroma juu na chini yake. Kesho yake akaamka, akavaa zambarau, akajaza ndege mafuta.

Kwao bado wanasema alikataa kuja kumzika mamake. Na nikuambie ukweli, hata mimi niliwahi kumtupia hilo neno tukigombana. Hakujitetea.

Niliomba msamaha palepale, watalii wakipita. "Sasa umejua," akasema. "Twende, tumewazibia watu njia."

Ukienda Midway, vaa raba, maana ngazi zake zimesimama wima. Lakini si lazima iwe meli. Huyo mtu wako asiyesema mengi, awe alikuwa askari, dereva wa trela au yaya huko Ughaibuni, mwombe akuonyeshe alikolala na alikofanyia kazi, hata kama ni kwa picha za simu. Kisha funga mdomo, usikilize.