Mkia Mgumu, Magoti Laini
Waingereza huiita, kwa tafsiri sisisi, "mkia mgumu": baiskeli ya milimani yenye springi kwenye uma wa mbele pekee. Uma unaoweza kudidimia milimita 150 humshawishi mpandaji kuyavamia mawe. Kumbe hapo ndipo hatari ilipo. Mbele ikizama milimita 100, nyuma haizami, na uma husimama wima zaidi kwa takribani digrii 4, tena mteremkoni anakohitaji uthabiti. Ndiyo maana waundaji huulaza tangu awali, hadi digrii 64 hivi. Na nyuma je? Springi ni magoti. Mpandaji husimama juu ya pedali, ameyakunja. Akiyanyosha, kila jiwe humpiga kiunoni.