Kibanja cha ukoo: mnunuzi Muleba ajihadhari

Wenye mitaji wanaotafuta vibanja Bukoba na Muleba wasiharakie kulipa. Tarehe 24 Agosti 1988, mwanamke mmoja wilayani Muleba aliuza kwa Sh 300,000 shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Kesho yake mpwa wake akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo Kashasha.

Februari 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alihalalisha mauzo, lakini akampa mpwa miezi sita kukomboa shamba kwa bei ileile. Kwa mfanyabiashara hiyo ni hasara: fedha hurudi thamani ikiwa imeshuka.

Kabla ya kulipa, pata ridhaa ya ukoo kwa maandishi na kibali cha Halmashauri ya Kijiji, kinachodaiwa na Sheria Na. 5 ya 1999.